Kaka Tharsisi na Mashine ya Kuchorea Ramani

Siku ya mazishi ya kaka yangu Tharsisi, hapa Heru Juu, katekista alisoma historia fupi ya marehemu na kusema alikuwa mkulima. Hakuna aliyemsahihisha. Watu walikuwa wengi, mvua ilikuwa inanyemelea kutoka upande wa Kasulu, na mkewe Esteri alikuwa hana nguvu ya kusema neno. Lakini Tharsisi hakuwa mkulima. Mihogo na maharage ya nyumba ile yalilimwa na Esteri na watoto. Yeye alikuwa mchora ramani za majengo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu naye alipokuwa anajitahidi kubaki mchoraji, nimeona niandike jinsi ilivyokuwa. Mwenyezi Mungu anisaidie nisiongeze wala nisipunguze.

Alisoma shule ya ufundi, akaajiriwa ofisi ya ujenzi Kasulu. Madarasa mengi, nyumba za walimu na zahanati za wilaya yetu zilipita kwenye ubao wake kabla ya kusimama juu ya ardhi. Alichora akiwa amesimama, amejikunja kidogo, penseli imechongwa kwa wembe. Akiandika chini ya ramani kwamba skeli ni moja kwa hamsini, basi kila sentimita mbili za karatasi zilikuwa mita moja ya ukuta, bila kupungua hata unene wa unywele.

Mafundi wa huku walimpenda kwa sababu hiyo. Wengi wao namba ziliwapa shida, na hata wale waliozijua, karatasi ikifika kwenye kazi ililowa mvua na jasho la mikono, namba zikafutika. Kwa hiyo Tharsisi aliwazoesha jambo ambalo nasikia mahali pengine ni mwiko: walipima mstari wenyewe. Fundi mkuu Hatungimana, aliyekimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa kijana na kuzeekea huku akijenga, alitembea na rula ya shule ameichomeka kwenye soksi. Akipewa ramani ya Tharsisi haangalii namba. Anaitandaza juu ya tofali, anachomoa rula, anapima, anazidisha kichwani, anapiga kigingi.

"Namba ni maneno ya mtu," alikuwa akisema. "Mstari wa Tharsisi ni ukuta tayari."

Mkono ulianza kutetemeka mwaka wa tisini na tano. Ulikuwa ule wa kulia. Kwanza kidole gumba na cha shahada vikawa vinasuguana vyenyewe, kama mtu anayeviringisha punje ya ulezi. Akishika kikombe, chai inamwagika kwenye kisahani. Akishika penseli, mstari unatoka na meno kama msumeno. Alijaribu kuushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akajaribu kufunga kifundo kwa kitambaa. Kwenye pombe ya ndizi, ambako yeye hata hakuwa mtu wa kukaa sana, majirani walimtania.

"Tharsisi, siku hizi hata maji ya kisima yanakulewesha?"

"Yananilewesha," aliwajibu. "Nyie endeleeni na hiyo yenu, muone kama mtanifikia."

Lakini akirudi nyumbani alikuwa haongei. Tulimpeleka hospitali ya misheni. Daktari alimwambia anyooshe mikono, atembee hadi mlangoni na kurudi, kisha akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba hauponi, na dawa za kuutuliza hazipatikani huku. Tulisali novena mara nyingi. Esteri alifunga. Mimi nilimwambia Mama Bikira Maria kwamba mkono ule haukuwahi kuiba wala kumpiga mtu, kana kwamba hakujua. Ofisi ya Kasulu ilimstahimili kwa muda, ikampa kazi ya kupanga ramani za zamani kwenye makabati, kisha ikampunguza pamoja na wengine.

Mimi wakati ule nilikuwa Kibondo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimepata kazi kwenye shirika moja lililohudumia kambi za wakimbizi, kazi ya kupokea na kutuma habari kwa redio ya mawimbi. Siku nzima nilikaa na kipaza sauti, nikiita kambi moja baada ya nyingine: magari yametoka, dawa zimefika, daraja limekatika. Mwaka wa tisini na saba wakaleta kompyuta ya kuchorea ramani, wakaiweka chumba cha jirani, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao tu. Injinia wetu, Bwana Nurudini, mtu wa Ujiji, mpole, alikuwa ameona ramani za kaka yangu miaka ya nyuma.

"Immakulata," aliniita, "huyu Tharsisi wa Kasulu si wa kwenu?"

"Ni kaka yangu, tumbo moja."

"Yuko wapi siku hizi?"

Nilimweleza habari za mkono, nikijua naharibu nafasi yake. Alinisikiliza, akafikiri.

"Mwite," akasema. "Hii mashine haijali mkono. Mstari wake unanyooka hata mchoraji akiwa na homa."

Tharsisi alikuja juu ya lori la mahindi, mwili mzima mwekundu kwa vumbi, mkono wa kulia ameuweka mfukoni. Walimpa mkataba mfupi wa majaribio. Jioni ile tulipokuwa tunakula ugali nyumbani kwangu, alisema jambo ambalo nililibeba moyoni muda wote uliofuata.

"Imma, penseli imeshanikataa. Imebaki hii. Hii nayo ikinikataa, mimi si mchoraji tena."

Mwalimu wake alikuwa Fidele Niyongabo, kijana wa Bujumbura aliyekimbia vita akiwa bado anasomea uinjinia. Alikuwa anaishi kambini na kuja ofisini kwa kibali, mwembamba, mcheshi, Kiswahili chake cha mjini kwao. Kupitia ule ukuta wa mbao nilisikia masomo yote.

"Kaka mkubwa," Fidele alimwambia siku ya kwanza, "mbele ya kugusa chochote, uambie mashine unapima kwa nini. Milimita, mita, ao inchi. Yenyewe haijui."

"Haijui? Si imetengenezwa na wazungu?"

"Ndiyo maana imekuja na inchi."

Tharsisi akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka muda mrefu.

"Haya. Milimita. Sasa tuchague skeli."

"Skeli hapana. Skeli ingojee kwanza."

"Ingojee nini? Nitachoraje bila skeli?"

"Unachora ukubwa wake wa kweli. Ukuta wa mita sita, unaandika elfu sita."

"Mita sita! Kwenye kidirisha hiki cha banda la kuku?"

"Itaingia. Weka kwanza mipaka, uiambie kiwanja chako ni kipana namna gani, itajisogeza yenyewe nyuma mpaka uone vyote. Kama wewe ukipanda mlima Heru, si unaona Kasulu yote? Kasulu imepungua?"

"Haikupungua."

"Bon. Ni hivyo. Humo ndani unajenga nyumba nzima nzima. Ukitaka kuitoa kwa karatasi, pale mlangoni ndiyo unaipunguza. Skeli ni ya wakati wa kutoka."

Nilimjua kaka. Kwa miaka yote tangu shule ya ufundi, skeli ilikuwa jambo la kwanza. Kabla ya mstari wowote unaamua skeli, na baada ya hapo jicho lako, mkono wako, hata pumzi yako, vinafanya kazi ndani ya skeli hiyo. Sasa kijana anamwambia la kwanza liwe la mwisho. Alikubali kwa mdomo. Lakini jioni nyumbani alikaa akichora hewani kwa kidole, na kuuliza, si mimi, labda ukuta, "Mita sita zikae wapi?"

Makosa ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Fidele alikuwa na milango na madirisha aliyoyachora zamani na kuyahifadhi kwenye mashine, ili mtu asichore mlango upya kila mara. Tharsisi alichora chumba kwa milimita, akaita mlango. Mlango haukuonekana.

"Umeuweka wapi?"

"Nimeuweka pale pale. Sijui umekimbilia wapi."

Fidele akasogeza picha karibu, karibu, karibu zaidi, hadi kwenye kona ya ukuta kukatokea kitu kama punje.

"Huo hapo."

"Huo ni mlango wa mchwa!"

"Niliuchora kwa mita, wewe umechora kwa milimita. Mashine inaona namba, haioni kama ni mlango wa mtu."

Siku nyingine ilikuwa kinyume chake: alichora kwa mita, akaita mlango wa milimita, na mstari mmoja wa ule mlango ukapita kwenye kioo chote bila mwisho. Fidele alipiga kelele kwamba mlango umemeza zahanati, umemeza Kibondo, sasa unaelekea Kakonko, tuwaambie kwa redio wahame. Nami nikiwa na kipaza sauti mkononi nilishindwa kujizuia, na kambi moja ikaniuliza nacheka nini hewani.

Lakini ile panya ya kuelekezea mshale ilimtesa. Mkono ulipotetemeka, mshale uliruka kioo kizima kama panzi. Alibofya mara moja, ikahesabika mara tatu, vitu vikafunguka asivyovitaka. Siku moja nilisikia kishindo. Aliipiga ile panya mezani, kisha akamwomba Fidele msamaha. Nilitaka kuinuka nikamwendee, lakini kambi ilikuwa inaita. Na ningemwendea, ningefanya nini? Ningemshika mkono? Kuushika hakukuusimamisha. Nilishajaribu.

Fidele ndiye aliyepata njia. Alimwondolea ile panya, akamsogezea ubao wa herufi.

"Usielekeze kitu. Andika. Anzia hapa, nenda kulia elfu sita, panda juu elfu tatu. Kwa kidole kimoja cha kushoto. Mashine itatembea yenyewe."

Tharsisi akaandika kwa kidole cha kushoto, herufi moja, akipumzika, herufi nyingine. Kisha akaniita kwa sauti hadi nikaacha redio.

"Imma! Njoo uone."

Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja mweupe juu ya weusi. Alikuwa ameweka kidole juu yake, na kidole kilikuwa kinatetemeka, lakini mstari ulikuwa umetulia.

Nilirudi kwenye kiti changu nikamshukuru Mungu kwa machozi. Wiki zile alikuwa mtu mwingine. Aliimba nyimbo za kanisa akitembea kwenda kazini. Alianza tena kunikosoa jinsi nilivyopanga vyombo kabatini.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane wakampa kazi yake ya kwanza kubwa: wodi ya wazazi kwenye zahanati moja iliyokuwa inahudumia kambi na vijiji vya jirani. Mkunga wa pale, Mama Zuhra, alikuwa anazalisha wanawake kwenye chumba kimoja, wengine wakilala kwenye mikeka sakafuni. Alikuja ofisini mwenyewe, mwanamke mnene, mwenye haraka, hakukaa hata kwenye kiti.

"Nataka vitanda safu mbili," alimwambia kaka. "Katikati nataka njia. Mzazi akizidiwa anapita kwenye machela, watu wawili wamebeba, na mimi ubavuni. Usiniletee ujia wa kupitisha mbuzi."

"Kitanda mita mbili, njia mita mbili, kitanda mita mbili," Tharsisi alisema. "Upana wa ndani mita sita. Inatosha?"

"Ikiwa sita kweli, nitakuombea dua."

"Itakuwa sita kweli, mama."

Alichora kwa wiki kadhaa kwa kile kidole cha kushoto. Alianza na milimita, akaweka mipaka, akachora kila kitu kwa ukubwa wake, sawasawa na alivyofundishwa. Fidele alikagua ile ramani kwenye kioo na hakukuta kosa. Na kwa kweli kwenye kuta hapakuwa na kosa; namba za vipimo alikuwa bado hajaziweka.

Tatizo lilikuja wakati wa kuitoa. Siku ile Fidele alikuwa amekwenda Kasulu kufuata mabomba. Gari la kwenda kwenye zahanati lilikuwa linaondoka kabla ya mchana, Hatungimana na vibarua walikuwa wanangoja ramani ili wachimbe msingi kabla mvua za masika hazijakaza, na jenereta ilikuwa inakaribia kuzimwa kwa mapumziko. Karatasi kubwa zilikuwa zimekwisha, zimebaki zile ndogo za barua. Tharsisi aliiambia mashine itoe kwa moja kwa hamsini. Ikatoa, lakini upande mmoja ukakatika: baraza na vyoo vilibaki nje ya karatasi. Dereva akapiga honi.

Akatafuta kwenye yale maagizo ya mashine, akakuta mahali pa kuiambia picha yote itoshee kwenye karatasi. Akachagua hapo. Karatasi ikatoka na wodi nzima, baraza, vyoo, na chini yake, kwa herufi alizozitandaza upana wa jengo zima, maandishi safi: SKELI 1:50. Aliitazama kwa furaha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kuipeleka kwa dereva, nikaona namba za vipimo zimekuwa vidoti vidogo kama vinyesi vya inzi. Alikuwa ameziagiza urefu wa milimita mbili na nusu, kama alivyoziandika siku zote kwenye ubao. Na kwenye nyumba iliyochorwa kwa ukubwa wake wa kweli, herufi ya milimita mbili na nusu haionekani.

"Kaka, hizi namba hazisomeki."

"Fidele akirudi tutazikuza. Hatungimana hata hazihitaji. Yeye anapima mstari."

Dereva akapiga honi tena, akachukua karatasi, akaondoka.

Siku kadhaa zilipita. Asubuhi moja nilisikia sauti ya Mama Zuhra kwenye redio, na yeye kwa kawaida hakuongea kwenye redio, alimwachia karani wake.

"Kibondo, Kibondo. Mwambie mchoraji aje huku. Na akija, aje alale kwenye kitanda."

"Rudia, mama. Umesema kitanda?"

"Nimesema kitanda. Wewe mwambie tu."

Tulikwenda na Bwana Nurudini na Fidele. Injinia aliniruhusu niende ili nimshike kaka mkono kwenye njia mbovu ya kushukia. Msingi ulikuwa umekwisha kuchimbwa na kujengwa kwa mawe, umenyooka, pembe zake nzuri, kazi ya Hatungimana. Ndani yake, juu ya udongo, Mama Zuhra alikuwa ameweka vitanda viwili vya chuma vikielekeana. Kati ya vitanda hivyo yeye mwenyewe alikuwa amesimama, na mwili wake ulikuwa umeijaza nafasi yote.

"Haya, mchoraji," alisema. "Mzazi akizidiwa nampitisha wapi? Juu ya wenzake?"

Vibarua, wakimbizi waliobeba mawe yale kichwani kutoka mtoni, walikuwa wamekaa pembeni. Mmoja akasema kwa sauti, "Labda ni wodi ya watoto, si ya mama zao," na wengine wakacheka. Tharsisi naye akajaribu kucheka.

Hatungimana alikuja na karatasi amekwisha kuikunja na kuikunjua mara nyingi, na rula yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu.

"Fundi, nilipima. Nikapima tena. Kama ulivyotuzoesha."

Tharsisi akachukua rula aiweke juu ya karatasi. Mkono ukakataa, rula ikawa inagonga karatasi kama mvua juu ya bati. Nikaishika mimi, yeye akasoma.

"Tisa na kidogo," alisema. "Ilitakiwa kumi na mbili."

"Tisa na kidogo, ndiyo," Hatungimana alisema. "Nikazidisha, nikapata mita nne na nusu na chembe. Nikasema labda wazungu wamepunguza. Basi nilipima vibaya?"

"Ulipima vizuri."

Fidele alikuwa ameshaichukua karatasi. "Kaka mkubwa, uliitoa namna gani?"

"Ilikuwa inakatika. Nikaiambia itoshee."

Fidele akaweka mikono yote miwili kichwani. "Yoo! Ukiiambia itoshee, inaminya. Inatupa skeli, inaminya tu mpaka iingie. Haya maandishi ya moja kwa hamsini ni maandishi tu, uliyaandika wewe. Mashine haiyasomi."

"Kwenye ubao nikishaandika skeli…" Tharsisi alianza.

Nilikuwa nimemshika kaka kiwiko na kupitia koti niliusikia mtetemo ukipanda hadi begani. Bwana Nurudini alizunguka msingi wote taratibu, akarudi, akamwambia Hatungimana kwamba utabomolewa upande wa mbele na wa ubavuni na kuchimbwa upya, na ramani nyingine italetwa ikiwa na namba kubwa, na kuanzia siku ile mtu asipime tena karatasi kwa rula.

"Hata za Tharsisi?" Hatungimana aliuliza.

"Hata ziwe za nani."

Mzee yule akairudisha rula kwenye soksi. Hakumwangalia kaka yangu. Mvua ilinyesha tukiwa njiani kurudi na iliendelea kunyesha. Mtaro mpya ulijaa maji, udongo ukaporomoka, na wodi ikabidi ingoje kiangazi. Masika yote wanawake waliendelea kulala kwenye mikeka. Nilizisikia habari zao kila asubuhi kwenye redio, nazo nilizipeleka kwa wahusika, na jioni Tharsisi alikuwa ananiuliza, "Zahanati wanasemaje?" Nilimjibu kwamba wako salama. Mara nyingine ilikuwa kweli.

Mkataba wake wa majaribio ulikwisha wakati ule ule. Bwana Nurudini alikuja kuzungumza naye pale pale mbele ya mashine, nami nikasikia.

"Mzee Tharsisi, mimi kosa hili nalielewa. Nami nimeshakosea. Lakini wakubwa wameuliza nani alichora, na wameona gharama ya mawe. Wamesema mashine ishikwe na mtu mmoja."

"Fidele."

"Fidele."

"Nipe muda kidogo tu, Injinia. Sasa najua. Vizio kwanza, mchoro kwa ukubwa wake, herufi nizikuze mara hamsini, skeli mwisho, na nisiiambie kamwe itoshee. Najua."

"Najua kwamba unajua," Bwana Nurudini alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia. "Sina la kufanya."

Fidele alikwenda kwa wakubwa mwenyewe kumtetea, wakamjibu kwamba yeye ni mkimbizi mwenye kibali, ashukuru kwa nafasi yake. Aliniambia hayo huku akilia. Mimi niliomba Mungu alainishe mioyo yao. Haikulainika. Nimeungama hasira niliyokuwa nayo siku zile, na Padre aliniambia hata Zaburi zina hasira ndani yake.

Kaka alirudi Heru Juu. Ugonjwa ulishuka mguuni, akawa anatembea kama mtu anayesukumwa kwa nyuma. Ukapanda usoni, tabasamu likapotea, sauti ikawa ndogo. Watu walipita wakimwona ameketi barazani wakamwamkia kwa Kiha, "Mwakeye, mzee," wakaenda zao shambani. Wengine waliosikia habari za wodi walisema kompyuta imemtia kichaa. Wodi yenyewe ilimalizika, nasikia, na Mama Zuhra alipata njia yake. Tharsisi hakuiona.

Mwaka wa tisini na tisa nilikuwa nyumbani kwa likizo wakati parokia ilipoamua kujenga sakristia mpya. Mzee wa kanisa, Venanti, alikuja na baiskeli yake. Alikuwa rafiki wa utotoni wa kaka, na ninaamini alikuja kwa heshima tu, kwa sababu isingewezekana amwache bila kumwuliza. Tharsisi wakati huo alikuwa halali wala haamki vizuri, kitandani muda mwingi.

"Ndugu yangu," Venanti alisema, "Padre anataka chumba kidogo nyuma ya altare. Mavazi, kabati, mlango wa upande. Tumesema tusiende kwa mwingine kabla yako."

Kaka akaomba Esteri amwinue, amwekee mto mgongoni. Akaomba karatasi, nikampa. Nilimshika kifundo cha mkono, Esteri akashika karatasi isiteleze, sisi wawili tukiwa tumemwinamia, na penseli ikagusa karatasi, ikaruka, ikagusa tena, ikachana. Nikampa karatasi nyingine. Ikawa hivyo hivyo. Nilisali ndani ya moyo kwa nguvu zangu zote, mstari mmoja tu, Bwana, upana wa kiganja, hutapungukiwa na kitu. Venanti alikuwa anatazama nje ya dirisha.

Tharsisi akaachia penseli.

"Mwambieni Padre atafute mtu mwingine," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo sana hata Venanti akageuka kwangu, nami ikabidi niyarudie maneno yale kwa sauti kubwa. Hapo kabla, hata siku ya msingi, hata siku ya mkataba, alikuwa hajawahi kuyasema.

Nilimsindikiza Venanti hadi njiani. Alisimama ameshika usukani wa baiskeli.

"Na wewe dada, miaka yote kwa kaka yako, hukujifunza hata kidogo?"

"Hapana, baba."

"Mmh. Basi."

Akapanda akaondoka. Nilipoingia ndani, kaka alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

"Amekwenda?"

"Amekwenda."

"Ameelekea wapi?"

"Kasulu."

Akageuza uso kuelekea ukutani. Nilikaa kando yake na rozari, nikaanza Tendo la kwanza la uchungu, naye hakuitikia. Alikufa kabla ya Majilio. Sakristia ilichorwa na kijana wa mjini. Ni nzuri, ina mlango wa upande kama Padre alivyotaka, na kila Jumapili ninaposali kanisani hapo nasoma jina la kaka yangu kwenye nia za Misa, Tharsisi, bila neno lingine, kwa sababu kwenye kikaratasi cha nia hawaandiki kazi ya mtu.